Kanisa la Kebirigo Katika Miaka Ijayo

Kebirigo ni soko lililo kando ya barabara ya lami itokayo Kisii na kupitia Nyamira kuelekea upande wa Kericho. Pande zote za soko ni vilima vya chai, na kiwanda cha chai cha mahali hapo kimepewa jina la soko lenyewe. Nchi ni ya baridi, mvua haikai mbali, na mashamba ni madogo, hata mgeni hushangaa kuona jinsi nyumba za watu zilivyosongana kati ya mistari ya chai, migomba na mikalitusi. Siku ya Jumamosi asubuhi njia hujaa Waadventista wa Sabato waendao ibadani, na watoto wao wamevaa viatu vilivyong'arishwa tangu jana yake. Siku ya Jumapili huwa zamu ya Wakatoliki na ya makanisa mengine. Ni machache mambo ambayo watu wa huko huyafanya pamoja kwa wingi namna hiyo, isipokuwa kuchuma chai na kuzika wafu.

Basi, wazee wa kanisa wakiketi na kuulizana wanatumaini nini juu ya ushirika wao katika miaka 20 ijayo, si ajabu neno la kwanza kutajwa likawa nyumba. Wataka nyumba ya mawe badala ya ile ya matofali yaliyoanza kuliwa na mvua. Wataka bati jipya, madirisha ya vioo, na sakafu isiyotoa vumbi. Wengine huongeza mnara. Yeyote aliyepata kusikiliza mahubiri katika nyumba ya bati isiyo na dari, katika nchi ya Nyamira, wakati mvua ya mawe ilipoanza kupiga alasiri, atawahurumia wazee hao. Mhubiri hufungua kinywa na kukifunga, watu hutazamana, na hatimaye huanzishwa wimbo kwa kuwa hakuna lingine la kufanya.

Kwa hiyo tumaini la nyumba si la kudharauliwa. Lakini lina historia yake katika nchi ya Gusii, na yafaa historia hiyo ikumbukwe kabla ya kupima msingi.

Wamisionari Wakatoliki wa Mill Hill walifika Nyabururu, karibu na mji wa Kisii, mwaka 1911. Waadventista, ambao tangu mwaka 1906 walikuwa wameweka kituo Gendia kando ya Ziwa Viktoria, nao walifika baada ya muda mfupi wakajenga Nyanchwa, juu ya kilima kinachoutazama mji huo. Wakaanza kufundisha kusoma. Vita vikuu vilipozuka mwaka 1914, majeshi ya Wajerumani yalivuka mpaka yakaingia Kisii mwezi wa Septemba. Maofisa wa Kiingereza walikuwa wameondoka, na wamisionari pia. Katika siku hizo chache zisizo na mwenye amri, watu wa nchi waliingia bomani, wakaingia madukani, kisha wakaingia Nyanchwa na Nyabururu, wakachukua kila kilichoweza kuchukulika. Waingereza walipopigana na Wajerumani na kurudi, waliwaadhibu wenyeji kwa kuwanyang'anya ng'ombe wengi.

Wako wasimuliao habari hiyo kwa aibu, na wako wasimuliao kwa kicheko. Lililo muhimu zaidi ni sababu yake. Nyumba zile za misheni zilihesabiwa kuwa mali ya wageni. Hakuna mzee wa Kikisii aliyekuwa amebeba jiwe lake hata moja kwa hiari, wala mama aliyekuwa ametoa kapu la wimbi kwa ajili yake. Mwenyewe alipoondoka, nyumba ilibaki kitu tu, kama nyingine. Makanisa yaliyopo leo katika vilima vya Nyamira ni ya namna nyingine kabisa. Mengi yao yalijengwa na watu wa mahali penyewe, kwa udongo na nyasi kwanza, kisha kwa matofali waliyoyachoma wenyewe, na hakuna anayehitaji kuambiwa ayalinde.

Vitabu navyo vilikwenda njia hiyo hiyo polepole. Agano Jipya lote lilichapishwa kwa lugha ya Ekegusii mwaka 1948, na Biblia nzima mwaka 1988, yaani miaka 77 baada ya misheni ya Nyabururu kuanzishwa. Mtoto aliyezaliwa siku padre alipofika aliweza kuwa babu mwenye vitukuu kabla ya kukishika kitabu chote kwa lugha ya mamaye.

Sasa kuna hesabu nyingine ambayo wazee wa kamati za ujenzi wangefanya vema kuitazama kabla ya kuchora ramani ya nyumba ya kukaa watu elfu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2009, eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Nyamira lilikuwa na watu 598,252. Mwaka 2019 walihesabiwa 605,576. Wameongezeka watu 7,324 tu kwa miaka 10, yaani mmoja na kidogo katika kila mia. Katika miaka hiyo hiyo Kenya nzima ilitoka watu 38,610,097 ikafika 47,564,296, maana yake zaidi ya 20 waliongezeka juu ya kila mia.

Jambo hilo lina sababu zinazojulikana na kila mtu. Wazazi huzaa watoto wachache kuliko baba zao walivyozaa, nalo ni jambo la busara mahali ambapo shamba la babu limegawanywa kwa wana, na la wana kwa wajukuu, hata likabaki upana wa mistari michache ya chai. Tena vijana huondoka. Wako Nairobi, wako Kericho na Nakuru, wako katika nchi za Ghuba wakifanya kazi za nyumbani na za ulinzi, na wako Minnesota huko Marekani, ambako Wakisii wamekuwa wengi hata wakaunda makanisa yao wenyewe na kuimba kwa Ekegusii huku theluji ikianguka nje. Kijana wa Kebirigo akimaliza kidato cha nne hukaa nyumbani muda kidogo, huchuma chai ya mamaye, kisha siku moja asubuhi huonekana barabarani akingoja gari, na mkoba wake uko chini.

Wazee waliojenga nyumba za kwanza walijenga kwa kutazamia wingi, na wingi ukaja. Kizazi cha leo kinajenga kwa mazoea yale yale. Lakini huenda ushirika wa Kebirigo wa mwaka 2045 usiwe mkubwa kuliko wa leo. Huenda ukawa na wazee wengi zaidi, na watoto wachache zaidi, na washiriki wengi ambao majina yao yamo kitabuni lakini miili yao iko mbali. Hilo si jambo la kuogopesha, kama linajulikana mapema. La hatari ni kujenga ukumbi mkubwa kwa deni, halafu kuketi ndani yake watu wachache, kila mmoja mbali na mwenzake, wakisikiliza mwangwi.

Fedha ndizo zinazofuata, na hapo mambo ni mengi.

Mkulima wa chai hulipwa mara mbili. Kila mwezi hupata malipo madogo kwa kila kilo ya majani mabichi aliyopeleka kwenye kituo cha kupimia. Kisha, mwaka wa hesabu unapofungwa mwisho wa Juni, na chai ikiisha kuuzwa na gharama kutolewa, hupata malipo ya pili ambayo kila mtu huyaita bonasi. Karo za shule, bati, ng'ombe wa maziwa, mahari, na ahadi za kanisa, vyote hungojea bonasi. Mipango mingi ya ujenzi wa kanisa katika nchi za chai huandikwa juu ya mgongo wake. Lakini bonasi hupanda na kushuka kwa bei ya mnada wa Mombasa na kwa thamani ya dola, na viwanda vya magharibi mwa Bonde la Ufa, pamoja na vile vya Gusii, kwa miaka kadhaa vimelipa kidogo kuliko vile vilivyo karibu na Mlima Kenya. Mwaka wa bonasi mbaya, msingi uliochimbwa hujaa maji, na nyasi huota juu ya kokoto.

Ndipo jaribu hujitokeza. Mtu husema, Aitwe mheshimiwa. Na mheshimiwa huja, kwa magari mengi, akiwa na bahasha. Husimama pale anaposimama mhubiri, huwasifu wazee, huwatukana kidogo wapinzani wake, hutoa fedha mbele ya watu wote, akaondoka kabla ya wimbo wa mwisho. Siku hiyo kanisa hupata saruji. Lakini mjane aliyeleta shilingi 50 zilizofungwa katika ncha ya leso yake hurudi nyumbani akijiuliza zile shilingi 50 zilikuwa za nini.

Wakuu wa makanisa wenyewe wameliona jambo hili. Mnamo Septemba 2021, huko Butere, siku ya kuwekwa wakfu Rose Okeno kuwa askofu, Askofu Mkuu wa Kianglikana, Jackson Ole Sapit, alikataa kuwapa wanasiasa nafasi ya kusema mbele ya waumini, ingawa wakubwa wa nchi walikuwapo. Na maaskofu Wakatoliki nao walitoa tangazo la namna hiyo siku hizo hizo. Mwezi wa Novemba 2024 Jimbo Kuu la Katoliki la Nairobi lilikwenda mbele zaidi. Lilikataa zawadi ya shilingi 2,600,000 ambazo Rais William Ruto alikuwa amezitoa katika kanisa moja la Soweto jijini humo, likaamuru zirudishwe. Watu wengi walistaajabu. Wengine walisema kwamba ni kiburi kurudisha fedha wakati nyumba ya mapadre haijakwisha. Lakini kanisa linaloweza kusema hapana mbele ya shilingi milioni mbili na zaidi ni kanisa ambalo siku nyingine litaweza kusema neno gumu, nalo likasikiwa.

Je, ushirika mdogo wa vilimani, usio na jimbo kuu nyuma yake, waweza kufanya hivyo? Waweza, ikiwa utapunguza ukubwa wa ndoto ya mawe na kurudi kwenye njia ambazo Wakisii walizijua kabla ya kuona bahasha. Zamani mtu aliyekuwa na kazi kubwa shambani aliita risaga: majirani walikusanyika, wakalima siku nzima, naye akawapa chakula na pombe ya wimbi. Tena palikuwa na egesangio, kikundi kidogo cha watu waliolimiana kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako, wala hakuna aliyeweza kula zamu ya wenzake akakwepa yake. Kwa kanisa pombe haifai, bila shaka. Lakini zamu yafaa sana. Ushirika ambao kila nyumba inachuma chai ya kanisa siku moja kwa mwezi, katika kipande cha ardhi kilichopandwa kwa ajili hiyo, utakuwa na fedha kidogo zinazojulikana, kila mwezi, hata mwaka ule bonasi ikianguka.

Jambo lingine la kufikiriwa hapo ni nani anayechuma na nani anayelipwa. Wachumaji wa chai mara nyingi ni akina mama. Namba ya mkulima katika kitabu cha kiwanda kwa kawaida ni ya mwenye shamba, naye mara nyingi ni mwanamume. Na kamati ya ujenzi, mtu akiitazama, huwa na wanaume saba na mama mmoja ambaye kazi yake ni kuandika majina ya waliohudhuria. Kama akina mama wangekuwa nusu ya kamati hiyo, huenda mnara ungesahauliwa kabisa, na choo kikajengwa kwanza.

Kwa Waadventista kuna jambo la kuongeza. Zaka yao haibaki katika kanisa la mahali. Hupelekwa mbele, nayo hulipa wachungaji na kazi ya injili kwa jumla. Nyumba, viti na taa hutoka katika sadaka nyingine. Tena mchungaji mmoja husimamia makanisa mengi, hata Sabato nyingi haonekani, na wazee wa kanisa ndio wanaoendesha kila kitu. Kwa Wakatoliki hali si tofauti sana: padre yuko parokiani, na katika vigango katekista hushika mzigo. Maana yake, yeyote atakayetumaini kwamba mchungaji ndiye atakayeleta siku njema za mbele, atangoja sana. Matumaini ya ushirika wa Kebirigo yamo mikononi mwa watu walio na jembe na kapu la chai siku tano za juma.

Kitabu cha hesabu kisisahauliwe. Vijana walioko mbali wako tayari kutoa. Tangu mwaka 2007 mtu wa Kenya aweza kutuma fedha kwa simu ya mkononi, na mtoto wa Kebirigo aliye Nairobi hutuma shilingi 500 akiwa ndani ya basi. Lakini hutuma mara moja, na mara ya pili huuliza. Asipojibiwa, hanuni wala hagombani; huacha tu. Mweka hazina anayebandika mlangoni kila mwisho wa mwezi karatasi ya yaliyoingia na yaliyotoka, akapiga picha yake na kuwapelekea walioko mbali, amejenga zaidi ya aliyeleta lori la mchanga.

Kuna shauri la ardhi pia, nalo halihitaji maneno mengi, bali lahitaji kufanywa. Makanisa mengi ya vilimani yamesimama juu ya ardhi iliyotolewa kwa neno la kinywa. Mzee mmoja, akiwa na moyo mwema, alionyesha kwa fimbo yake kutoka mti ule hata mfereji ule, watu wakashukuru, wakaomba, wakajenga. Mzee akafa. Wanawe nao walisikia neno lile na kuliheshimu. Wajukuu hawakusikia, nao wana njaa ya ardhi. Kwa sheria ya Kenya tangu mwaka 1967, ardhi ya kilimo haihamishwi kwa mtu mwingine mpaka bodi ya ardhi ya mahali ikubali, na mapatano yasiyopelekwa mbele yake kwa wakati uliowekwa huhesabiwa kuwa bure. Yafaa basi kila ushirika uulize, wakati mashahidi wangali hai, kama kiwanja kimekwisha kupimwa na kuandikwa kwa jina la wadhamini wa kanisa. Kugharimia mpimaji na hati si jambo la kufurahisha kama kuweka jiwe la msingi, wala hakuna anayepigwa picha siku hiyo. Lakini nyumba nzuri ya mawe juu ya ardhi isiyo na hati ni zawadi kubwa kwa wajukuu wa mtu mwingine.

Mwaka 2020 watu waliona kwa muda jinsi kanisa lilivyo bila nyumba. Ugonjwa wa Korona ulipoingia Kenya mwezi wa Machi, milango ya ibada ilifungwa. Ilipofunguliwa mwezi wa Julai, iliruhusiwa ibada ya saa moja tu, na watu wasiozidi 100, na wenye umri wa chini ya miaka 13 na wa juu ya 58 wakaamriwa wabaki nyumbani. Basi nyumba zilikuwapo, na viti vilikuwapo, lakini wazee waliozijenga hawakuruhusiwa kuingia. Majuma yale ndipo ilipojulikana nani alikuwa na mtu wa kumtembelea na nani hakuwa naye. Wakatoliki walikuwa na msaada katika jumuiya ndogo ndogo, zile ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizikubali kuwa njia ya kanisa katika miaka ya 1970. Nyumba chache za majirani zinazosali pamoja zaweza kupeana habari za mgonjwa hata kanisa likifungwa. Waadventista wana madarasa yao ya shule ya Sabato, nayo yaweza kufanya kazi iyo hiyo.

Na hapo pana neno ambalo mazungumzo juu ya siku zijazo za kanisa katika nchi ya Gusii hayawezi kulipita, ingawa ni chungu. Mwezi wa Mei 2008 watu 11, wengi wao wanawake wazee, walichomwa moto katika vijiji vya Kisii kwa kudaiwa kuwa wachawi. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wazee wanne waliuawa kwa neno hilo hilo. Hao ni wale ambao habari zao zilifika magazetini. Nchi hiyo ina makanisa karibu juu ya kila kilima. Waliowaua walikuwa majirani, na si rahisi kuamini kwamba hapana hata mmoja kati yao aliyejua kuimba tenzi.

Mambo hayo huanza kwa njia ndogo. Kijana hufa kwa ghafula, au mtoto huugua, na matangani mtu hunong'ona jina. Jina hilo mara nyingi ni la mjane asiye na wana karibu naye, na mara nyingi, watu wakichunguza baadaye, huonekana kwamba alikuwa na kipande cha ardhi ambacho mwingine alikitamani. Ndipo ushirika huwa na siku mbili au tatu tu za kufanya jambo. Siku hizo wazee wa kanisa wakienda kwa mjane yule jioni ile ile, wakaketi nyumbani mwake mbele ya macho ya kijiji, wakanywa uji wake, na Sabato au Jumapili ikifika wakamketisha mbele katikati yao, mnong'ono hufa mara nyingi. Wakinyamaza kwa kuogopa kuambiwa kwamba wanamlinda mchawi, basi mnong'ono hupata miguu. Pia chifu na polisi waambiwe mapema, si baada ya moto. Na mhubiri wa mazishi, ambaye anasema mbele ya watu wote siku ile ya hatari, aseme waziwazi kilichomwua marehemu kama kinajulikana: shinikizo la damu, au kisukari, au ajali ya pikipiki.

Mtu aweza kuuliza hilo lina uhusiano gani na ndoto za ushirika. Lina uhusiano mkubwa, kwa sababu hesabu zilizotajwa hapo juu zaonyesha kwamba ushirika wa kesho utakuwa na wajane wengi na vijana wachache wa kuwasemea. Bibi aliye na umri wa miaka 80, anayekaa peke yake pembeni mwa shamba la chai, na wanawe wako Minnesota, ndiye mshiriki wa kanisa la mwaka 2045. Kama hawezi kulala salama, mnara utamfaa nini?

Vijana waliobaki nao wana neno lao. Wengi wao hukaa nje ya dirisha wakati wa ibada, wakisikiliza nusu, na wazee huwakemea. Lakini sehemu ya taabu ni lugha. Wazee hutaka Ekegusii, na ni haki yao, kwa kuwa walikingojea kitabu hicho miaka 77. Mwana wao aliyezaliwa Nairobi anaporudi Desemba hukielewa Kiswahili, na Ekegusii yake huchekwa. Wako wanaofikiri kwamba jambo hilo hutatuliwa kwa kuhubiri lugha moja na kutafsiri kwa nyingine, sentensi kwa sentensi, mpaka saa saba mchana. Wamesahau jinsi njaa ilivyo. Ni afadhali somo lisomwe kwa Ekegusii na bibi mmoja, lisomwe tena kwa Kiswahili na mjukuu wake, na mahubiri yawe mafupi kwa lugha moja, kwa zamu kila juma. Hivyo bibi na mjukuu watakuwa wamesimama pamoja mbele ya watu, jambo ambalo halionekani mara nyingi siku hizi.

Tena vijana wapewe kazi iliyo kazi kweli. Kuwaachia kwaya na kupanga viti hakutawazuia wasiende barabarani kungoja gari. Wakabidhiwe shamba la chai la kanisa, walipande, waliwekee mbolea, washike kitabu chake na kukisoma mbele ya wazee. Wakikosea katika mwaka wa kwanza, hasara itakuwa gunia moja la mbolea. Baadhi yao wataondoka hata hivyo; hakuna ushirika uwezao kuongeza ekari. Lakini kijana aliyewahi kushika kitabu cha kanisa lake huondoka akijua kwamba kuna mahali ambapo saini yake imebaki, naye ndiye anayetuma zile shilingi 500 mara ya pili na ya tatu.

Bonasi ya mwaka huu itakapotangazwa, kamati za kanisa zitakutana kama kawaida, na daftari jipya litafunguliwa. Pengine ukurasa wa kwanza utaandikwa bei ya bati na ya saruji, kama ilivyo desturi. Ushirika ambao utauweka ukurasa huo wa tatu, na kuandika katika ule wa kwanza majina ya wazee wote wanaokaa peke yao, pamoja na jina la jirani aliye karibu na kila mmoja wao na namba yake ya simu, na katika ule wa pili namba ya kiwanja na jina la mpimaji, utamaliza mkutano wake ukiwa umechelewa kidogo, na mvua itakuwa imekwisha anza kupiga bati.